Kilomita 200 za Japani kwenye barabara ya Bagamoyo

Nissan Leaf ya kwanza, gari la umeme lenye betri ya kWh 24 (yaani uniti 24 za umeme) lililotoka mwaka 2010, Japani waliipa kilomita 200 kwa chaji moja. Ulaya wakaipa 175, Marekani 117. Gari ni lilelile. Na kwa kuwa magari yetu mengi ya mitumba hutoka Japani, namba inayomfikia mnunuzi wa Bagamoyo ni ile kubwa.

Wapo wanaosema tumedanganywa. Mimi sikubaliani nao sana. Kipimo cha Japani cha wakati huo, JC08, kilifanyika maabara, AC imezimwa, mwendo wa wastani kama kilomita 24 kwa saa. Huo ni mwendo wa foleni ya mjini, na kila gari lilipita mtihani huohuo, hivyo kwa kulinganisha magari mawili kinafaa. Wamarekani wao wakishapima maabara huipunguza namba makusudi ili ikaribie hali ya barabarani.

Sasa tuje kwetu. Bagamoyo hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, ni kama kilomita 70, kwenda na kurudi 140. Ukiamini Japani, unarudi na chaji ya kubaki. Ukiamini Marekani, unazimika jirani na Mapinga. Barabara yenyewe iko upande wa Japani kidogo: tambarare, vibao vya 50 kila penye makazi, matuta, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne, kwa hiyo anayeogopa tochi anaitunza betri bila kujua. Kwenye foleni ya Tegeta, ukipunguza mwendo mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kidogo. AC inakula, ndiyo, ila baridi ya Norway na hita zake hula zaidi.

Joto letu linauma kwingine. Betri za Leaf hizi za mitumba hazina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto huzizeesha. Pembeni ya geji ya chaji kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Cha kwanza kikipotea, takribani asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Cha pili, kama 21. Hapo hata zile 117 zimebaki 92 hivi: Posta unafika, kurudi uombe soketi ofisini. Dalali atakusomea 200 bila kugusa vijistari, na hilo silo kosa la maabara yoyote, maana wao walipima gari jipya. (Na wapo mafundi wanaoviwasha vyote kwa kompyuta, kwa hiyo jaribu gari barabarani kwanza.)

Kwa mtu wa Posta kila siku, ya kWh 24 ningeiacha hata bei ikishuka vipi. Ya kWh 40, iliyotoka 2017, Marekani waliipa 243. Ikipoteza robo bado inakwenda na kurudi. Ile kuukuu mwachie wa mizunguko ya Dunda na Kaole, hapahapa Bagamoyo, anayechaji nyumbani usiku.