Malaki hakuandika aya ya zaka tu

Ibada yetu ya Kiswahili hapa Kampala hujaa Wakongomani, wengi wao wakimbizi. Jumapili iliyopita mhubiri alifungua Malaki 3:10, na kabla hajafika popote kanisa zima likammalizia: "Leteni zaka kamili ghalani." Kikapu kikazunguka.

Sina ugomvi na zaka. Mimi mwenyewe hutoa. Kinachonikera ni kwamba mhubiri huyuhuyu, ukimuuliza habari za masazo ya mavuno aliyoachiwa mgeni, yatima na mjane katika Kumbukumbu la Torati 24, atakwambia hayo ni Agano la Kale, sisi tuko chini ya neema. Sasa Malaki ni agano gani?

Labda neno "kale" ndilo linalotuponza. Lakini nguo iliyochakaa tunaiita kuukuu, hatuiiti ya kale. Kule Nazareti, Yesu alipewa chuo cha Isaya akasoma humo. Biblia yake ilikuwa hiyo. Pale msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22. Marcion, mwalimu mmoja wa karne ya pili, alipotaka Wakristo wayatupe maandiko ya Kiebrania yote, kanisa la Roma lilimkatalia na kumtoa, mwaka 144. Marcion angalau alitupa yote. Sisi tumebakiza aya zenye mapato.

Hapa Uganda tuna mtu aliyefanya kinyume chake kabisa. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyehamia upande wa Mbale, alikuwa Mprotestanti, kisha akaingia kundi la Bamalaki (ndiyo, Malaki tena, ila Malaki huyu si nabii, alikuwa mwanzilishi wao, na walikataa dawa za hospitali). Akaisoma Biblia ya Kiganda, iliyokamilika miaka ya 1890, akakuta tohara imeamriwa wala hakuona imefutwa wapi. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwambia hayo ni ya Wayahudi, naye akajibu basi tangu leo sisi ni Wayahudi. Abayudaya, jamii ya Kiyahudi aliyoianzisha, wangali karibu na Mbale hadi leo, ingawa Idi Amin aliipiga marufuku dini yao.

Mimi simfuati Kakungulu. Matendo 15 yamenitosha: mitume walikaa, wakajadili, wakaamua watu wa mataifa wasitwishwe tohara. Lakini namheshimu kuliko wahubiri wengi ninaowasikia. Alipolikuta neno gumu hakuruka ukurasa.

Kando yangu Jumapili hiyo alikaa mama mmoja kutoka Bukavu. Anafua nguo kwenye nyumba za watu, na bosi wake hajamlipa miezi miwili. Kikapu kilipompita alitia shilingi elfu moja, akainamisha kichwa kama mwenye deni. Nikamsogezea Biblia yangu, nikamwonyesha kwa kidole sura ileile, aya tano tu juu ya ile ya zaka. Hapo Mungu anasema atakuja kushuhudia dhidi ya wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaompotosha mgeni asipate haki yake.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akarudia.

"Kumbe na mimi nimo humu?"

"Umo, mama."

Akanyamaza kidogo.

"Na yule bosi ni mlokole," akasema, akaniomba kalamu.