Warsha za waja leo waondoka leo hazitutoshi Tanga

Kila zikitangazwa tuzo na feloshipu za uandishi simu inajaa linki, sisi tunaoandika huku Tanga tunatumiana, "changamkieni hii", "dedilaini mwisho wa mwezi", na mi nafurahi kwa kweli maana zamani habari hizi zilikuwa zinaishia Dar. Ila kuna kitu nakiona na leo nataka nikiseme wazi kwa wadau wa mashirika yanayosaidia waandishi. Hela ya washindi mnayo, jukwaa mnalo, picha za hafla tunaziona, lakini waliokosa hamuwasomi. Yaani mtu anatuma mswada wake, anakaa miezi anasubiri, halafu inatoka orodha ya majina na lake halimo, basi imeisha hiyo. Hajui kama hadithi yenyewe ndo mbovu, au sura ya kwanza inachosha, au katolewa tu kwa sababu ya fomu. Mwaka unaofuata anatuma ule ule, makosa yale yale.

Sisemi tuzo hazina maana, zina maana kubwa sana. Ile ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa inaitwa Safal-Cornell, ilianza na zawadi za jumla ya dola 15,000, za riwaya na za ushairi, na inapokea hata mswada ambao haujachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyo chini ya Taasisi ya Elimu ilitolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, mshindi wa kwanza anapata milioni 10, na kwa kijana wa Makorora au Pongwe hapa Tanga hiyo ni hela ya kuinua msingi wa nyumba. Halafu kuna ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, hii watu wananibishia kila nikiwaambia, inapokea hadithi iliyoandikwa kwa Kiswahili, kushiriki ni bure, maneno kati ya 2,000 na 5,000. Kwa hiyo milango ipo jamani, tena mingine iko wazi kuliko tunavyodhani.

Feloshipu ndo mtihani. Feloshipu maana yake unalipwa ili ukae uandike, na hicho ndo kitu ambacho mwandishi wa huku hajawahi kukipata, mchana yuko sokoni au bandarini au darasani na watoto 80, usiku ndo anaandika akiwa hoi. Ila nyingi ni za Kiingereza. Ile ya Miles Morland Foundation iliyovuma sana Afrika ilimlipa mwandishi ili kila mwezi atume maneno 10,000, mpango mzuri mno, lakini sharti uandike Kiingereza. Hata tuzo ya Burt Award ilipokuja hapa Tanzania kwa ajili ya vitabu vya vijana ilikuwa ya Kiingereza, walikuwa na sababu zao, walitaka wanafunzi wa sekondari wapate vya kusoma kwa lugha wanayofundishiwa. Sawa. Lakini mtu anayeota kwa Kiswahili afanyeje?

Sasa nije kwenye wale ninaowajua mimi. Waandishi wengi wa Tanga leo hii hawana kitabu dukani, wako WhatsApp na Facebook. Kuna dada mmoja wa Ngamiani anaandika riwaya za mapenzi na mambo ya familia, anaanza kuzitoa bure sehemu ya kwanza mpaka ya kumi, ikinoga anafungua grupu la kulipia, unamtumia buku, yaani shilingi elfu, kwenye simu anakuingiza, na kila usiku anapandisha kipande watu wanagombana humo kama ndugu waliogawana urithi. Ana wasomaji wa Mombasa, ana wa Omani, wanamsubiri mpaka saa sita usiku. Huyu ni mwandishi jamani. Anajua kukata sehemu pale pale ambapo msomaji hawezi kulala, kitu ambacho kwenye warsha kinafundishwa siku nzima na watu hawakielewi. Lakini hajawahi kuhaririwa hata mara moja. Wahusika wake wanabadilika majina katikati ya hadithi, mama aliyekufa sehemu ya 14 anapika ubwabwa sehemu ya 31, na wasomaji wanamsamehe kwa sababu wanampenda. Majaji hawatamsamehe. Na akikosa hakuna wa kumwambia ni kwa nini, kwa hiyo anabaki anaamini tuzo ni za watu wa chuo kikuu, zina wenyewe.

Halafu kuna wazee wetu wanaoandika kwenye daftari, zile kaunta buku kubwa, mashairi na hadithi kwa mkono uliotulia. Mswada wa maneno 50,000 ukiuchapa kwa nafasi mbili ni kama kurasa 200, ukienda steshenari wakakudai shilingi 1,000 kwa ukurasa tayari ni laki mbili kabla hujatuma popote. Shirika linaloandika kwenye tangazo "tuma pidiefu kwa imeili" limeshamwacha mzee huyu nje, na sidhani kama limekusudia, ila ndo hivyo kaachwa.

Warsha nazo. Kuna moja ilikuja mjini kwetu, waandaaji siwataji, tuliitwa asubuhi, tukajaza majina, tukanywa chai, tukaonyeshwa slaidi kuhusu "muundo wa hadithi", tukala mchana, vyeti, picha ya pamoja, na saa tisa wageni wakawa stendi wanawahi basi la Dar. Tulikuja na kazi zetu kwenye mabegi. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosomwa. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini uandishi haufundishwi hivyo, mswada unataka mtu arudi, asome ulichokibadilisha, akuambie hapa umepatia hapa bado, aondoke, arudi tena.

Na si kwamba ni jambo geni kwetu, hapo ndo naumia zaidi. Huu ni mji wa watunzi toka enzi, Hemedi bin Abdallah alitunga hapa utenzi wa vita vya Wajerumani na watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, Shaaban Robert amezaliwa huku 1909 na kaburi lake liko kijijini Machui. Na utunzi ulikuwa unakuzwa kwa kujibizana. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na lilikuwa linachapa mashairi ya watu, baadaye magazeti mengine na redio zikafuata, na kwenye kurasa zile ukitoa shairi lako malenga mwingine anakujibu kwa beti, anakupinga, anakurekebisha, mtu wa Pangani anamjibu wa Lindi ambaye hajawahi kumwona. Kina kikiyumba utaambiwa. Mizani ikipungua utaambiwa mbele ya nchi nzima. Hakuna aliyelipwa posho lakini kila aliyetunga alisomwa.

Watu hunijibu kwamba Shaaban Robert hakuwa na feloshipu wala warsha na ameandika. Kweli, hakuwa nayo. Lakini alikuwa karani wa forodha toka 1926, ana mshahara kila mwezi, na alikuwa na gazeti linalochapa mashairi yake na wasomaji wanaojibu. Mpe kijana wa leo hivyo viwili halafu ndo umlinganishe naye.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki, na nimekipigia hesabu. Shirika lenye milioni 10 za zawadi litoe milioni 3 pembeni. Lilipe wahariri watatu, kila mmoja asome miswada 20 ya waliokosa, shilingi 50,000 kwa mswada, aandike kurasa mbili za maoni ya kweli, sio "hongera endelea hivyo hivyo", maoni kweli kweli, kwamba sura ya tatu haina kazi, kwamba mazungumzo yako yanasikika kama hotuba. Hiyo ni miswada 60. Mshindi atabaki na milioni 7 na bado atafurahi, na watu 60 mwaka unaofuata wataleta kazi tofauti. Nikisema 60 nawaona kabisa, yumo yule dada wa grupu, yumo mzee wa kaunta buku.

Tangazo liwe kwa Kiswahili chepesi, na kazi ipokelewe hata kwa WhatsApp. Na mliomo kwenye kutuma, soma masharti mpaka mwisho, mashindano mengi hayataki kazi iliyokwisha tolewa mahali kwa hiyo kabla hujapandisha hadithi yako Facebook jiulize unataka kuipeleka wapi, na ukiona wanadai ada halafu wanasema haki zote za kazi ni zao hata usiposhinda, achana nao.

Warsha ije mara tatu kwa mwaka, watu wale wale, kazi zile zile. Kutoka Dar ni kilomita kama 350, mabasi yapo kuanzia alfajiri. Ukumbi tutautafuta wenyewe, maktaba ya mkoa iko katikati ya mji, chai ya mdalasini na mkate wa kumimina tutapika sisi. Nyie leteni mhariri aliyesoma kazi zetu kabla hajapanda basi, na tarehe ya kurudi kwake iandikwe kwenye tangazo hilo hilo la kwanza.