Barabara isiyokusimamisha

Anayetoka Dar kwenda Moshi na watoto hana haja ya kupanga mapumziko. Kilomita kama 560 zimejaa vya kumsimamisha: vijiji vya mwendo wa 50, matuta, trafiki mwenye tochi, machungwa ya Korogwe, na mtoto anayetaka kuchimba dawa kila baada ya saa moja. Unafika kiuno kimekufa, lakini watoto wameshanyoosha miguu mara tano.

Sasa chukua familia inayorudi Frankfurt kutoka Ziwa Garda, Italia, mwezi wa nane. Ni karibu kilomita 800, lami haina hata shimo, na hakuna wa kukusimamisha. Wengi wetu tulioko Ujerumani tunaisifia barabara hiyo, halafu tunashangaa watoto wanatapika na kupigana kabla ya kufika Munich. Kwa maoni yangu, ulaini huo ndio unaotuponza: baba anasema "tusogee kidogo tu", saa nne zinakatika, na mtoto mchanga bado amejikunja kwenye kiti chake. Kiti cha aina hiyo si kitanda. Kila saa mbili mtoe, umlaze chali. Matuta ya nyumbani hayapo, kwa hiyo yaweke mwenyewe kwenye saa ya simu.

Siku ya kurudi ina uzito kuliko saa ya kuondoka. Nyumba nyingi za likizo hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, ndiyo maana siku hiyo njia ya Brenner, inayovuka milima ya Alps kutoka Italia kwenda Austria, hujaa hadi magari yanatambaa. Ukiweza, rudi Jumanne. Ukishindwa, ondoka saa kumi alfajiri watoto wakiwa na nguo za kulalia, bila kuwanywesha maziwa mengi, maana baada ya mji wa Bolzano, bado mkiwa Italia, kuna kupanda mlima na kona, na tumbo lililojaa halivumilii. Simu na vitabu viwekwe pembeni hadi mteremke Innsbruck, upande wa Austria. Kuangalia chini huku gari linakata kona ndiko kunakoleta kichefuchefu.

Wanaokaa wiki mbili husahau vinyeti, kile kibali cha ushuru wa barabara kuu za Austria. Ya siku 10 uliyonunua wakati wa kwenda imeshakwisha, na kamera hazina huruma. Barabara ya Brenner pamoja na daraja lake ina malipo yake mbali. Mafuta jaza Austria, nje ya barabara kuu. Vituo vya pembeni mwa barabara kuu ya Ujerumani ni ghali mno.

Foleni ikisimama kabisa, magari ya njia ya kushoto husogea kushoto kabisa, wengine kulia, ili gari la wagonjwa lipite katikati. Huruhusiwi kumshusha mtoto akojoe hapo. Kwa hiyo poti ndogo na mifuko yake vikae miguuni mwa abiria wa mbele, pamoja na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, nguo moja ya kubadili na taulo. Vikifukiwa buti chini ya masanduku, ni kama umeviacha Garda. Upepo wa matairi nao upimwe kwa kiwango cha gari lililojaa, kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango au kifuniko cha tangi.

Kuna jambo moja ambalo nyumbani hatuna hoja ya kulitetea: mtoto kupakatwa. Ujerumani anatakiwa awe kwenye kiti chake hadi afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 150, na breki ya ghafla ukiwa kwenye mwendo wa 80 hakuna mikono ya mama itakayomshika. Watu hao hao wanaofunga mikanda Frankfurt wakitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wanawarundika watoto wanne nyuma, eti "huku ni nyumbani". Mashirika mengi ya ndege hubeba kiti cha mtoto bila malipo, basi njoo nacho. Na kabla ya kulipia gari la kukodi, ingiza mkono chini ya kava la siti ya nyuma utafute vifungio vya mkanda; mara nyingi vimefukiwa huko.