Kwenye udongo mweusi, nyumba nyepesi ndiyo inayoinuliwa

Ukijenga kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kitengela au Athi River, karibu na Nairobi, ukasema utaweka rafti, yaani bamba moja la zege lenye nondo chini ya nyumba nzima, jirani atakwambia unazika pesa ardhini. Nyumba yenyewe haina ghorofa, juu ni mabati. Si uchimbe mtaro, umwage zege, upandishe mawe kama wengine?

Ana haki ya kuuliza. Maramu ngumu (udongo wa changarawe) ikipatikana kabla ya mita moja, msingi wa mtaro hauna mshindani. Kwenye mwamba wa matumbawe kule Pwani, rafti ni anasa.

Lakini tupige hesabu ya huo wepesi. Mita moja ya ukuta wa mawe ya inchi 6, kimo mita 3, ina uzito wa karibu tani 1. Ongeza mawe ya msingi, zege na paa, unakaribia tani 2. Zitandaze kwenye mtaro wa upana wa sentimita 60: tani 3 na ushee kwa mita ya mraba. Udongo mweusi ukinywa maji huvimba, na msukumo wake kwenda juu unaweza kupita tani 10 kwa mita hiyohiyo. Wepesi tulioutegemea ndio unaotuponza.

Tena hauvimbi sawasawa. Masika hulowesha kingo huku chini ya sakafu pakiwa bado pakavu. Kiangazi kingo hukauka zikashuka. Kila ukuta huenda kivyake, na nyufa za mshazari huanzia kwenye pembe za madirisha. Rafti yenye mihimili minene huifanya nyumba ipande na kushuka ikiwa kitu kimoja, kama mtumbwi majini. (Bamba jembamba lisilo na mihimili litapasuka vilevile, hata likiitwa rafti.)

Wengi huchimba udongo mweusi wote, wakaubeba kwa malori na kujaza maramu. Tabaka likiwa jembamba, wamefanya vyema. Likifika mita 2, unalipia kuchimba, kubeba, maramu, kushindilia na ukuta mrefu wa msingi, na gharama hizo zote ndizo za kulinganishwa na rafti, si bei ya mtaro mtupu. Shimo moja la majaribio kwenye kona ya kiwanja litaonyesha kina cha tabaka, nalo lichimbwe kabla ramani haijachorwa.