Enigma tumeisifu, na ile meza je?

Enigma, mashine ya Wajerumani ya kufumbia siri, imeanza kunichosha. Yakitajwa mapigano ya anga ya Uingereza ya mwaka 1940, hakosi mtu wa kusema Waingereza waliokoka kwa sababu Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua siri, walikuwa wakisoma siri za Wajerumani. Walizisoma, kweli. Lakini kutoka Calais, Ufaransa, hadi Dover, Uingereza, ni dakika chache tu kwa ndege. Ujumbe uliofumbuliwa baada ya saa kadhaa utamfaa nini rubani anayekimbilia ndege yake?

Aliyemfaa ni rada, na kuliko rada, meza. Mitambo ya pwani iliziona ndege zingali baharini, ikapiga simu Bentley Priory, makao makuu ya Hugh Dowding, mkuu wa ndege za kivita za Uingereza. Zikishavuka pwani rada haikuziona tena. Hapo ikawa zamu ya raia wenye darubini. Taarifa zilichujwa, zikafika vyumba ambamo wasichana wa jeshi la anga, vipokea sauti masikioni, walisogeza alama juu ya meza yenye ramani kubwa kwa vijiti virefu. Ukutani palikuwa na saa yenye vipande vyekundu, vya njano na vya buluu, kila kipande dakika tano. Alama ilipewa rangi ambayo mshale wa dakika uliionyesha wakati ule. Ofisa aliyekaa juu akitupa jicho tu, anajua habari ipi mbichi na ipi imeshachacha. Rangi tatu, basi! Mimi saa hiyo naivulia kofia kabla ya Enigma.

Si kwamba wafumbuaji walikaa bure. Juni 1940 walifumbua ujumbe mfupi wenye neno Knickebein na vipimo vya mahali fulani Uingereza. R. V. Jones, mwanasayansi wa miaka 28, akang'amua kuwa ni miale ya redio ya kuongozea ndege za mabomu usiku. Ndege ikatumwa kuitafuta, ikaipata, na Waingereza wakaanza kuivuruga.

Wajerumani wakaja na mfumo mwingine, X-Gerät. Nao ukajulikana, na mitambo ya kuuvuruga ikatengenezwa. Usiku wa Novemba 14 mitambo hiyo ilikuwa ikinguruma, ila mtu alikuwa ameitega kwenye sauti ya mitetemo 1,500 kwa sekunde badala ya 2,000 ya mwale wa Wajerumani. Vipokezi vya Wajerumani viliichuja kelele hiyo, ndege zikafuata mwale wao hadi mji wa Coventry, na zaidi ya watu 500 wakafa.