Zima uwashe mpaka lini?

Juzi dada mmoja wa mauzo anayefanyia kazi nyumbani kaniandikia, "Kaka, nimezima nimewasha mara nne, programu haipo, nifanyeje tena?" Kidole kilishaanza kuandika "jaribu tena", si ndo wimbo wetu watu wa IT. Nikaona aibu, maana najua hata angezima mara mia isingeingia.

Jamani hii Polisi ya Windows, samahani, Group Policy, mfumo wa kutuma mipangilio na programu kwenye kompyuta zote za ofisi, ndo tuliyotumia kumpelekea hiyo programu. Ilikuja na Windows 2000, enzi kompyuta ni boksi chini ya meza na kebo imechomekwa ukutani. Faili la MSI, yaani la kusakinishia programu, ulilolipanga kule linaingia mashine inapowaka au mtu anapologini, basi, ile rifreshi ya kila dakika 90 na ushee haigusi programu hata kidogo. Sasa laptopu iliyoko nyumbani kwa mtu ikiwaka inamwona wapi domeni kontrola, ile seva ya ofisi inayotoa hizo amri, wakati VPN, njia ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, anaiwasha kwa mkono akishaingia? VPN ikija ndo wageni wanafika ndoa imeshafungwa. Unamwambia apige gpupdate /force, amri ya kulazimisha rifreshi, inamjibu restati kwanza, anarestati, VPN inakatika, mmerudi palepale, na kwenye logi namba 1274, ile ya kusema programu inasubiri kuwaka au kulogini, inakuangalia tu. Hata ukifanikiwa kupenya, laini ikipimwa chini ya 500 Kbps inahesabiwa ya polepole na usakinishaji unarukwa kimyakimya. Halafu tunasema yuza ndo hajui kompyuta!

Haya, ofisini kwenye kebo inafanya kazi, tena bure, nakubali. VPN inayounganika kabla ya kulogini nayo inasaidia. Na mimi mwenyewe nimewahi kuitumia hiyo Group Policy kupeleka kazi ya ratiba tu, yaani amri inayojiendesha kwa muda uliopangwa, maana hiyo inapita hata kwenye rifreshi ya kawaida, skripti ikanakili MSI kwenye diski kwanza ndo ikasakinisha. Ila hapo tayari unaizunguka, huitumii.

Ukitaja Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta, au chombo chochote kinachoongea na mashine kwa intaneti tu, mabosi wanasema leseni ghali. Mtu kushinda nusu siku anazima na kuwasha hiyo ni bure eeh?

Yule dada nilisubiri awashe VPN, nikaingia kwa mbali nikaisakinisha mwenyewe, haikuchukua hata dakika kumi. Akauliza, "Kwa hiyo mimi sikukosea?"

Hapana dada, hukukosea.