Picha za kamera ya mjengo: zinathibitisha nini mahakamani?

Ugomvi wa mjengo hapa Mombasa mara nyingi huanzia kwenye mvua. Mkandarasi anadai aongezewe siku: Mei nzima msingi ulijaa maji, vibarua walikaa bure. Mwenye nyumba anamjibu kwamba mvua ilinyesha usiku tu, mchana jua lilikuwa kali. Bila kamera, kesi hutegemea daftari la msimamizi na maneno ya mashahidi, ambao kila mmoja ana upande wake.

Kwa swali hilo, kamera iliyofungwa juu ya mlingoti na kupiga picha kila baada ya dakika chache ni shahidi mzuri kuliko binadamu. Mfululizo ukionyesha pampu ikivuta maji shimoni tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, dai la mkandarasi lina miguu. Ukionyesha vibarua wakipanga bloku mchana kutwa, halina. Sheria nayo haizuii. Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoongezwa 2014, kinaruhusu ushahidi wa kidijitali, na cha 106B kinahitaji cheti chenye saini ya mtu mwenye dhamana ya kifaa au shughuli husika.

Ila kupokewa ni kitu kimoja, kuaminiwa ni kingine. Kifungu hichohicho cha 78A kinamtaka hakimu apime rekodi ilitengenezwa na kuhifadhiwaje, na kama haikuchezewa. Picha iliyopitishwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, na taarifa zake za ndani, ikiwemo saa ya kupigwa, zimepotea. Saa ya kamera yenyewe huenda iliwekwa vibaya tangu siku ya kwanza. Tena anayeleta picha kumi kati ya maelfu amezichagua mwenyewe. Wakili wa upande wa pili asipodai mfululizo wote, kalala.

Pia kuna maswali ambayo kamera haiyawezi kabisa. Ukuta wa jirani umepasuka: je, ni uchimbaji au ulikuwa na ufa tangu zamani? Kamera iliangalia mjengo, haikuuangalia ukuta. Hapo kinachosaidia ni picha zilizopigwa karibu, kabla jembe la kwanza halijagusa udongo. Nondo nazo ni vivyo hivyo. Kutoka juu utaona zege likimwagwa, lakini huwezi kuhesabu ringi za nguzo, na zikishafunikwa imekwisha.

Wanaopinga kamera wana hoja nyingine nzito, hasa Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana. Kamera ya ghorofa ya nne inamwaga macho ndani ya ua wa watu, mahali ambapo mama mwenye nyumba hujiona yuko ndani kwake na kichwa wazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mkusanyaji achukue kile tu anachokihitaji. Kuigeuza lenzi au kuuziba upande huo hakugharimu kitu, na hakupunguzi ushahidi hata chembe.

Mimi naegemea upande wa kamera, kwa sharti moja: rekodi isikae mikononi mwa mkandarasi peke yake. Mkataba useme tangu mwanzo kwamba mwenye nyumba anapata nakala ile ile, kila wiki, na kwamba hakuna anayefuta. Dai la mkataba laweza kufunguliwa hadi miaka 6 baadaye, ilhali kamera nyingi hufuta picha za zamani zenyewe kadi ikijaa.